Ijumaa Ambayo Odeta Hakuuza Mchicha

Wifi yangu Odeta Bagenda hana cheo wala cheti, na jina lake halijaandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la ubatizo la parokia yao kule Kagera. Namwandika kwa sababu kuna habari yake inayosimuliwa kuanzia Buswelu hadi Igoma, na kila anayeisimulia anaipotosha. Wako wanaosema aliwalisha watoto sumu. Wako wanaosema sumu ilikuwa yangu. Jina la Bagenda limebebwa na watu waliosoma na kuheshimika, na sipendi libebwe ovyo midomoni. Basi nitaieleza kama ilivyokuwa, hata pale inaponiumbua. Yeye mwenyewe hataisoma. Anasema macho aliyobakiwa nayo ni ya kutafutia viwavi.

Alikuja kwetu Mwanza mwaka 1984, akiwa na sanduku la bati na machipukizi sita ya migomba yaliyofungwa kwenye gunia bichi. Mume wake alikuwa amemrudisha kwao kwa kuwa hakuzaa. Marehemu mume wangu, Nestory, alikuwa ofisa elimu na mimi nilikuwa nafundisha sekondari, kwa hiyo nilidhani nimepata mtu wa kunisaidia jikoni. Siku ya tatu Odeta aliomba jembe. Nestory akampeleka Buswelu, kwenye kiwanja alichokuwa amenunua na ambacho wakati huo kilikuwa pori, akamwambia, "Lima utakavyo."

Alilima kama walivyolima wazee wao Kagera. Migomba kwanza, kisha mboga chini ya migomba, samadi ya ng'ombe kila shimo, na juu ya udongo akatandaza majani makavu mpaka ardhi yenyewe isionekane. Samadi alipewa na jirani, Mama Mhoja, mfugaji wa Kisukuma, ambaye naye alichukua ndizi. Mtoto wa Mama Mhoja, Ngosha, aliyekuwa analima pamba na kupenda utani, alikuwa akipita na kumwambia, "Shangazi, ninyi Wahaya kwa kupenda nguo, hata udongo mnauvalisha."

"Na ninyi mnauacha uchi halafu mnalalamika jua," Odeta alimjibu.

Nestory alifariki mwaka 1991. Nilitoka kwenye nyumba ya serikali nikahamia Buswelu, kwenye nyumba aliyoiacha imeezekwa nusu. Tangu hapo mimi na Odeta tunakaa ua mmoja.

Siku za ushirika, dawa ya pamba ilikuja kwa utaratibu. Bwana shamba aliigawa, akahesabu mapulizio, na mkulima alijua ni ya pamba tu. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi kila mtu akawa muuza dawa. Ilipimwa kwa kizibo na kutiwa kwenye chupa ya soda isiyo na jina, na aliyebakiza dawa baada ya pamba kwisha alipulizia nyanya. Sikulifikiria sana jambo hilo mpaka siku niliporudi kutoka sokoni mjini na kikapu cha nyanya kubwa, nzuri, zenye vumbi jeupe. Muuzaji alikuwa ameniambia nichague zenye weupe kwa sababu ndizo zinazokaa wiki nzima bila kuoza. Wateja wote walikuwa wanazigombania hizo.

Odeta alichukua moja, akaifuta kwa kitambaa changu cha meza, akaniwekea kitambaa mbele ya macho.

"Wifi, huu ni unga?"

"Ni dawa. Ndiyo inayozihifadhi."

"Inazihifadhi zisiliwe na nani?"

Nilirudisha nyanya kikapuni, mimi mwenye diploma.

Kuanzia siku hiyo alinifundisha kununua. Hakuwa mtu wa kukataza kila kitu, na hilo ndilo lililowafanya watu wamwamini. Ndizi, maboga, mahindi mabichi, papai, machungwa, chochote unachomenya au kupasua, nunua popote penye bei nzuri. Mchicha, figiri, kabeji na nyanya, vitu unavyokula na ngozi yake, hivyo muulize anayeuza. Nyanya za masika uliza mara mbili, kwa sababu mvua inaleta ukungu na mkulima anapulizia kila wiki. Mgagani na mnavu vinavyojiotea, usiulize kabisa. Hakuna mjinga wa kutia dawa kitu asichokipanda. Mteja akimwambia, "Zako zina matundu," alijibu, "Mdudu ameonja kwanza. Hajafa." Watu wakaziita mboga za samadi. Wakaja kutoka Igoma, wake za walimu na za makarani.

Zahanati moja ya masista upande wa Nyakato ilikuwa na wodi ndogo ya watoto wenye utapiamlo. Sista Immaculata, aliyeisimamia, alitafuta mboga za kusaga na kutia kwenye uji wa watoto hao, zisizoguswa na dawa. Mimi nilimwandikia barua. Niliandika kwa kalamu ya wino kwamba mboga za nyumba ya marehemu Nestory Bagenda hazijawahi kupuliziwa kitu, na kwamba naweka jina la mume wangu rehani. Tangu hapo, kila Jumanne na kila Ijumaa, Ngosha alibeba matenga ya Odeta kwa baiskeli hadi Nyakato. Nilijivuna, sitaficha.

Kiangazi cha mwaka 1996 kilikuwa kikali. Ng'ombe walimaliza nyasi zote kuanzia Buswelu hadi mabondeni, na Odeta akakosa majani ya kutandaza. Udongo wake ukaanza kupasuka, na hakuna kinachomkosesha Mhaya usingizi kama kuona shamba lake liko wazi. Mwishoni mwa Agosti alimwona Ngosha anang'oa miti ya pamba baada ya mavuno na kuirundika ili aichome. Aliona anachoma mali. Siku mbili mfululizo, Ngosha akiwa ameenda mnadani, Odeta alisomba rundo zima na majani yake makavu, akakatakata kwa panga na kutandaza kwenye matuta yote ya mboga. Hakumuuliza mtu. Angemuuliza nini? Kwao hakuna pamba. Kwao kila kilichokauka shambani hurudi shambani. Msukuma wa miaka saba angemwambia kwamba miti ya pamba huchomwa, tena kwa amri ya serikali, lakini hakukuwa na Msukuma aliyefikiri kwamba kuna mtu mzima asiyelijua hilo.

Jumatano moja ya Septemba, saa sita mchana, nilisikia Odeta ananiita kutoka bustanini kwa sauti ya chini. Kuku wawili walikuwa wamelala kwenye tuta la mchicha, miguu imekakamaa. Wa tatu alikuwa anazunguka na shingo imepinda. Walikuwa wamepenya uzio asubuhi na kuparura matandazo. Tukiwa tumesimama pale, yule wa tatu akaanguka, akatetemeka, akatulia. Kufikia saa nane walikuwa saba.

"Mdondo," nilisema, ugonjwa uliozoea kumaliza kuku wa Buswelu.

"Mdondo hauui saa sita wote pamoja."

Alikuwa amepiga magoti, ananusa mabua ya pamba. Alinusa moja, akalitupa, akanusa jingine. Kisha akaenda mwenyewe kumwita Ngosha.

Ngosha alikuja anacheka, akiwa na neno la utani mdomoni, lakini alipoona matuta aliinama akaokota kipande cha bua.

"Shikamoo mwalimu," aliniambia kwanza. Halafu, "Shangazi, hii si miti yangu ya pamba?"

"Ndiyo. Niliona unaichoma."

"Nilikuta haipo nikajua wamechukua watu wa kuni." Alijishika kichwa. "Shangazi, hiyo tunaichoma. Ina wadudu, ina dawa. Hata mbuzi simfungi hapo."

"Si ulipulizia wakati wa mvua? Mvua haikuiosha?"

Ngosha alitazama chini. Alisema mwaka huo wanunuzi wa makampuni walikuwa wanakataa pamba yenye madoa, na wadudu wekundu walikuwa wengi, kwa hiyo mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshapasuka, alipulizia tena. Mara mbili.

"Dawa gani?"

"Ya kwenye chupa. Haikuwa na jina. Aliyeniuzia alisema ni kali."

Odeta aliitazama bustani yake. Mchicha ulikuwa mzuri kuliko miezi yote, mpana, wa kijani kilichokolea. Ulikuwa mchicha pekee Buswelu nzima wakati ule, na bei ya kiangazi kila mtu anaijua.

"Majani yake yamenyonya?" aliuliza.

"Mimi sijui, shangazi. Nani atajua?"

Ngosha alipoondoka nilimwingiza Odeta ndani nikafunga mlango. Nilizungumza naye kama nilivyozungumza na walimu wenzangu pale shule ilipokuwa na jambo la aibu. Nilimwambia kuku wamekula wadudu waliokufa kwa dawa, hawakula mchicha. Mabua yalikuwa chini na majani yako juu. Hakuna aliyeugua. Tutayaosha majani mara tatu kwa maji ya chumvi, Ijumaa tutapeleka kama kawaida, na kuanzia wiki ijayo tutasema kisima kimekauka. Ngosha hatasema, maana ni dawa yake.

"Na Sista?"

"Sista tutamwambia kisima kimekauka."

"Wifi, wewe ungekula?"

"Ningeosha ningekula."

Alitoka nje. Alirudi na fungu moja la mchicha, akaliosha mara tatu kwa maji ya chumvi mbele yangu, akalikatakata, akalipika na vitunguu, akanipakulia kwenye sahani yangu ya kauri. Akaketi mbele yangu.

Sahani ilikaa pale mpaka mvuke ukaisha. Niliinua kijiko mara moja nikakirudisha.

"Hii ni kejeli, Odeta."

"Si kejeli. Mimi sina shule, nataka nione aliyesoma anafanya nini."

Nilikasirika. Nilimkumbusha ardhi anayolima ni ya nani, na barua ile imetiwa saini ya nani. Nilimwambia Nestory alikaa kazini miaka ishirini na miwili bila doa, na sitakubali doa liletwe na matandazo. Nilimkataza kusema. Nilitumia neno hilo hilo, nakukataza. Odeta alichukua sahani akaenda kuimwaga shimoni, na Alhamisi nzima hatukusemeshana.

Ijumaa asubuhi nilimwona anakata mchicha na kuupanga kwenye matenga mawili, na tenga la tatu la ndizi na maboga. Nikajua amenitii. Hata hivyo sikuuamini ulimi wake, nikavaa gauni la kanisani nikamfuata Nyakato kwa miguu, Ngosha akitangulia na mzigo kwenye baiskeli. Ngosha alishusha matenga mlangoni mwa jiko la zahanati akaondoka haraka kuliko kawaida yake.

Mpishi alitoka na beseni. Alipoinama kwenye mchicha, Odeta aliweka mguu mbele ya tenga.

"Hayo usiyaguse. Niitie Sista."

Nilimshika mkono, akautoa taratibu, bila kunitazama.

Sista Immaculata alikuja anafuta mikono kwenye aproni. Ni mwanamke mfupi, wa Kagera kama Odeta, asiye na maneno mengi. Odeta alimweleza yote akiwa amesimama: pamba, mabua, kuku saba, chupa isiyo na jina. Hakujitetea na hakumlaumu Ngosha.

"Mchicha wenyewe una sumu?" Sista aliuliza.

"Sijui. Ningejua hauna ningekuuzia. Ningejua unayo nisingeubeba mpaka hapa."

"Sasa umeuletea nini?"

"Uuone. Ningekuja mikono mitupu wakati huu wa kiangazi, ungesema nimeuza sokoni kwa bei kubwa, halafu siku nyingine nikikwambia chukua, hungechukua kwa moyo."

Sista alitazama tenga, akamtazama Odeta, kisha nikaona uso wake unabadilika.

"Umesema kuku walikufa Jumatano."

"Jumatano mchana."

"Mchicha wenu wa Jumanne tumeupika Jumanne jioni, na jana tena. Jana, Odeta. Alhamisi."

Hakungoja jibu. Aliingia wodini, nasi tukabaki kwenye kibaraza cha jiko. Wodi hiyo ina vitanda kumi na viwili, na dirisha lake linatazama jiko, kwa hiyo tulisikia kila kitu bila kuona. Tulimsikia akimuuliza muuguzi nani ametapika, nani ameharisha, tangu saa ngapi. Tulisikia mtoto mmoja analia, kisha mwingine. Muuguzi alisema wawili wameharisha tangu jana jioni. Sista aliuliza kama waliharisha hata kabla ya Jumanne. Muuguzi akasema mmoja ndiyo, mmoja hapana. Kisha zikaja hatua za haraka, na mlio wa vijiko kwenye vikombe. Nilikaa kwenye benchi. Odeta hakukaa. Jua lilipanda mpaka likafika kwenye matenga, na yeye akayasogeza kivulini, mchicha ule ule asiotaka kuuuza, kwa mazoea tu.

Watoto wale wawili walipona. Yule ambaye hakuwa ameharisha kabla alichukua siku nne. Kama ni mchicha au ni maji au ni udhaifu wao, hakuna aliyeweza kusema, na mpaka leo hakuna anayeweza. Hayo tuliyajua baadaye. Pale kibarazani hatukujua kitu.

Baada ya muda mrefu Sista alitoka.

"Swali moja," alimwambia Odeta. "Buswelu si mbali. Kwa nini hukuja Jumatano hiyohiyo?"

Odeta alifungua mdomo akaufunga. Nimemfahamu mwanamke huyu tangu harusi yangu, na sijawahi kumwona akikosa neno. Sista alingoja. Niliona anaanza kumtazama Odeta kama tunavyomtazama muuzaji yeyote wa sokoni aliyepunja kipimo, na nikaelewa kwamba Odeta ataacha atazamwe hivyo. Angebeba lawama yote, nami ningerudi nyumbani na jina langu safi.

"Mimi ndiye niliyemkataza," nilisema.

Sista alinigeukia. "Mwalimu?"

"Nilimwambia tuoshe, tulete, tunyamaze. Alitaka kuja. Nilimkataza kwa kauli ya mwenye nyumba."

"Ulijua ni ya watoto hawa?"

"Nilijua."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema barua yangu aliisoma mbele ya masista wote walipokuwa wanaamua wanunue kwa nani, na sasa itabidi awaeleze na hili. Nilisema awaeleze. Kisha akaniacha, akamgeukia Odeta kama vile sipo, wakaanza kuzungumza kazi. Ndizi na maboga angechukua leo na kila wiki. Majani, hapana.

"Mpaka lini?" Sista aliuliza.

"Nitang'oa yote, nitaondoa mabua na udongo wa juu. Mvua za vuli zinyeshe zikatike. Nitapanda, nitaweka kuku humo. Nikiona kuku wako hai mwezi mzima, nitakula mimi kwanza, halafu nitakuja kukwambia."

"Wewe mwenyewe uje. Usitume mtu."

"Nitakuja."

Matenga mawili ya mchicha yalibaki. Nilipendekeza tuyamwage nyuma ya zahanati, Odeta akakataa. Yangeokotwa. Kama si mtu ni mbuzi, na mbuzi ana mwenyewe. Ilibidi yarudi Buswelu yakafukiwe. Ngosha alikuwa ameshaondoka na baiskeli yake. Odeta alikunja kanga akafanya kata, akainua tenga moja kichwani. Jingine lilibaki chini, nami nikabaki nalitazama. Sikuwa nimebeba mzigo kichwani tangu nilipoingia shule ya bweni.

"Nitakuja kulichukua baadaye," Odeta alisema.

"Nisaidie kulitwika."

Tulikwenda njia ya Buswelu saa saba mchana, mimi na gauni la kanisani, maji ya mchicha yananichuruzika sikioni. Kila tuliyekutana naye alinifahamu. Wanafunzi wangu wa zamani walinipa shikamoo wakitazama tenga. Karibu na nyumbani, Mama Gladness, mke wa mkuu wa shule ya msingi, alitoka mbio getini na bakuli mkononi.

"Mwalimu, leo unauza mwenyewe? Jamani kiangazi hiki. Nipe mafungu mawili kabla hayajaisha."

Tayari alikuwa amenyoosha mkono kwenye tenga. Odeta alikuwa mbele, akasimama, lakini hakugeuka.

"Usinunue," nilimwambia. "Tunakwenda kuyafukia. Tumetandaza miti ya pamba yenye dawa, kuku wamekufa, na zahanati wameyakataa."

Mkono wa Mama Gladness ulirudi polepole. Alinitazama usoni kuona kama natania.

"Ya kwenu? Ya kwa Bagenda?"

"Ya kwetu."

"Na ya Jumatatu niliyonunua?"

Hapo Odeta aligeuka, akashusha tenga lake chini, akaanza kumuuliza aliyapika lini, nani alikula, na kuna anayeumwa. Mimi nilisimama juani na tenga kichwani, nikingoja majibu yake.